Likizo ya Mwaka: Haki ya Mfanyakazi, Wajibu wa Mwajiri

Katika parokia zetu, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Kiomboi, mwajiri na mwajiriwa husali katika kanisa moja na pengine hukutana katika Jumuiya Ndogo Ndogo moja. Hata hivyo, wapo wasichana wa kazi za ndani ambao miaka miwili au mitatu hupita hawajaona kwao, na wapo walinzi wa maduka ambao hawajawahi kusikia neno likizo tangu walipoajiriwa. Kwa hiyo tumeona vema kueleza mambo ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayaagiza, pamoja na mafundisho ya Kanisa juu ya pumziko.

Kanisa halikungoja sheria hiyo. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alitetea pumziko la mfanyakazi, na mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika wazi katika Laborem Exercens kwamba haki ya kupumzika inajumuisha Dominika na pia likizo ndefu zaidi kila mwaka. Mzizi wake ni wa kale. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, kinapoamuru Sabato kinawataja mtumishi na mjakazi, wapumzike kama bwana wao, na kinamkumbusha bwana huyo kwamba naye alikuwa mtumwa Misri.

Sheria inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12 tangu siku ya kuajiriwa. Sikukuu za kitaifa zinazoangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humo humo. Mshahara wa kipindi cha likizo hulipwa kabla likizo haijaanza, jambo ambalo waajiri wengi hulisahau, na mfanyakazi hujikuta kijijini bila hata nauli ya kurudia.

Swali gumu zaidi ni la likizo isiyochukuliwa. Mwajiri ndiye anayepanga wakati wa likizo, lakini hawezi kuiahirisha apendavyo. Inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au ndani ya miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanadai hivyo. Tuseme mtu aliajiriwa tarehe 1 Julai 2023. Mzunguko wake wa kwanza ulikwisha tarehe 30 Juni 2024. Likizo yake ilipaswa kuchukuliwa kabla ya mwaka 2024 kwisha, au, kwa ridhaa yake, hadi Juni 2025. Mfanyakazi ambaye hakuchukua likizo ndani ya muda huo aweza kupoteza malipo yake atakapoachishwa kazi. Hapo ndipo wengi huumia, kwa maana walidhani siku zao zinalimbikizwa kama akiba katika kibubu.

Je, likizo yaweza kuuzwa? Mfanyakazi akiridhia, mwajiri aweza kumwomba aendelee na kazi na kumlipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo, lakini kwa sharti kwamba asifanye kazi mfululizo kwa miaka miwili. Ridhaa hiyo lazima iwe ya kweli. Msichana aliyeambiwa achague kati ya fedha na kufukuzwa hajaridhia kitu.

Ajira inapokoma, likizo iliyokwisha kupatikana hulipwa kwa kiwango cha mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Aliyefanya kazi siku 260 anadai mshahara wa siku 20.

Asiyetimiza miezi 6 kazini hana likizo ya malipo, isipokuwa mfanyakazi wa msimu. Wenye viwanda vya kukamua alizeti mkoani kwetu, ambao huongeza watu wakati wa mavuno, wauzingatie ubaguzi huo wa sheria.

Ugonjwa usikatwe katika likizo ya mwaka. Likizo ya ugonjwa ina hesabu yake: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Uzazi nao una siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Tunajua kwamba huku kwetu wengi huomba likizo mvua zinapoanza, wakaishike jembe. Hatuwalaumu, chakula cha mwaka hutoka shambani. Lakini tungependa Dominika angalau ibaki ya Mungu na ya familia.

Anayenyimwa likizo aanze kwa barua ya maombi, abaki na nakala yake. Paroko au mwenyekiti wa jumuiya aweza kusaidia mazungumzo, ingawa hana mamlaka ya kuamua. Mwenye mamlaka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya likizo hupelekwa huko ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi, ndani ya siku 30.