RANS (mtambo mdogo wa nyutroni)

RANS ni mtambo wa kuzalisha nyutroni pasipo haja ya tanuri la nyuklia, uliojengwa na taasisi ya RIKEN mjini Wako, Japani, nao unafanya kazi tangu mwaka 2013. Protoni, zikiisha kuongezwa kasi hadi nishati ya MeV 7, hugonga bamba jembamba la berili, na katika mgongano huo hutoka nyutroni ambazo, kwa kuwa hazina chaji ya umeme, hupenya chuma na zege bila ya kuviharibu, ilhali haidrojeni iliyomo katika maji huzitawanya. Hapo ndipo ilipo fadhila yake juu ya eksirei: nyutroni hudhihirisha maji yaliyojificha chini ya rangi ya bamba la chuma, mahali kutu ianziapo. Aidha chumvi, adui mkubwa wa nondo za madaraja, hufichuka kwa miale ya gama itokayo katika klorini iliyomeza nyutroni, na faida hii pekee yatosha kuustahikisha mtambo gharama zake. RANS-II, uliofuata, hutumia lithi na protoni za MeV 2.49, kwa hiyo ni mwepesi zaidi. Walakini ngao ya kuzuia mnururisho haina budi kuwapo.