Ukanda wa Ukingo: Istilahi Yenye Upana

Ukipanda matatu Umoja, Nairobi, ukashika Barabara ya Outer Ring kuelekea Pipeline, ukishapita Donholm unavuka Mto Ngong. Kiangazi unaweza kuuvuka usiutambue, maana ni kijito cheusi kati ya majani na taka. Lakini masika ya 2024 mito ya Nairobi ilifurika, ikaingia majumbani Mathare na Mukuru, na serikali ikawaamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Tangu hapo wapangaji wa mitaa hii ya Eastlands wamelizoea neno "riparian", lenye asili ya Kilatini, ripa, yaani ukingo wa mto.

Redio na magazeti husema "ukingo wa mto". Ni Kiswahili safi, lakini hakitoshi. Ukingo ni pale ardhi inapokutana na maji. Aliyejenga hatua ishirini kutoka majini akisikia kwamba waliojenga ukingoni wahame, anajihesabu hayumo.

Programu za ramani zinaionyesha tofauti hii vizuri. Mchoraji hufuatisha mto kwenye picha ya setilaiti, akapata mstari wenye urefu usio na upana. Kisha huiagiza kompyuta iupanue kwa mita kadhaa kila upande. Sasa ana ukanda, eneo linalopimika, ambalo wataalamu huliita bafa. Juu yake hulaza tabaka la majengo, na kompyuta humhesabia nyumba zilizomo na zile ambazo mpaka umezikata katikati. Akilinganisha na picha za miaka ya nyuma, anaona matete yalipokuwa na ghorofa lilipoota.

Kazi hiyo inataka picha kali. Doti moja ya picha za kawaida za setilaiti za Landsat hufunika mita 30 kwa mita 30, kwa hiyo upana mzima wa ukanda wa upande mmoja unaweza kumezwa na doti moja. Ndiyo maana hutumika picha za karibu zaidi au droni, na bado mtu hushuka mtoni na tepu.

Tepu hiyo ianzie wapi? Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi na kilimo katika eneo lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Eneo hilo halikupimwa kutoka maji ya kiangazi cha Januari. Ukiusogeza mstari huo wa mwanzo, nyumba iliyokuwa nje inajikuta ndani.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "ukanda wa ukingo". Ukanda tumeuzoea katika "ukanda wa pwani". Ukingo nao tusiuache, kwa sababu ndani yake inasikika kinga, na hiyo ndiyo kazi ya matete na majani: kupunguza kasi ya maji, kuzuia udongo usichukuliwe.

Istilahi yenye upana humfundisha mtu kuuliza. Anayetafuta chumba au ploti karibu na mto amuulize mwenyewe, kabla ya kutoa deposti: ni mita ngapi kutoka pale mafuriko yalipofika?