Suria Hakuwamo

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuufuta utumwa katika sheria. Tarehe hiyo tumekaririshwa shuleni. Tusichoambiwa sana ni kwamba amri ile peke yake haikumkomboa hata mtu mmoja. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aufuate mwenyewe mahakamani, kisha aonyeshe kuwa ana pa kulala na kazi ya kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Aliyelipwa fidia ni bwana wake.

Suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke bila ndoa, yeye hakuwamo katika njia hiyo. Amri ilimweka kundi moja na wake wa ndoa: abaki alipo, isipokuwa adai kuachana na bwana wake kwa sababu ya ukatili. Watetezi wa kifungu hicho walikuwa na hoja. Kwa sharia ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru; mwanawe ni muungwana, anarithi kama ndugu zake. Majid na Barghash, waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwingine, wote mama zao walikuwa masuria. Hata Sayyida Salme, dada yao aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, alizaliwa na suria.

Lakini si kila suria alizaa, wala si kila nyumba ilikuwa jumba la kifalme la Mtoni. Kwa maoni yangu, heshima ya ndoa ilikuwa pazia tu. Serikali iliogopa kuwaudhi wenye mashamba kwa kuingilia mambo ya nyumba zao. Mwaka 1909 mlango ukafunguliwa nusu. Suria aliweza kuondoka, ila akiondoka bila ridhaa ya bwana alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Mwenye mtoto mgongoni na aipige hesabu hiyo.

Wanawake wengine hawakungoja mahakama iwaambie wao ni nani. Walianza na nguo. Vazi la mjakazi lilikuwa kaniki, merikani iliyochovywa nili mpaka ikawa nyeusi, akaifunga chini ya kwapa, kichwa wazi, miguu mitupu. Kujitanda na kuvaa viatu kulikuwa kwa waungwana. Basi aliyejikomboa, senti za kwanza za kuchuma karafuu zilipoingia mkononi, alikwenda dukani kununua doti ya kanga: nguo ya rangi, yenye pindo, iliyokuwa imeanza kuvuma pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Kipande kimoja alijifunga, cha pili akajitanda kichwani. Hicho cha pili ndicho kilichotangaza uungwana wake.

Miaka hiyohiyo, kijijini Fumba, alikulia binti wa wazazi wa ukoo wa watumwa. Walimwita Mtumwa. Alitembeza vyungu vya udongo akiuza, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali, na mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka 1928 alipopanda meli kwenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, alikwenda kwa jina la Siti binti Saad. Siti ni bibi, mwanamke wa kuheshimiwa. Jina ambalo mjakazi wa zamani alilitamka akimwita mwenye nyumba.