Sugu

Sugu ni sehemu ya ngozi iliyogeuka kuwa nene na ngumu kwa kusuguliwa au kukandamizwa mara kwa mara. Kwa binadamu huota kwenye viganja vya washika jembe, nyayo za waendao peku, hata kwenye paji la uso la mwenye kusujudu sana. Msuguano huzichochea seli za ngozi kuzaliana upesi. Zinaposukumwa juu hufa zikiwa zimejaa keratini, protini iliyomo pia kwenye kucha na pembe. Sugu ya kawaida haiumi. Inayouma ni ile ndogo ya vidole vya miguu, yenye kiini kigumu, na mara nyingi wa kulaumiwa ni kiatu kinachobana.

Wengi hudhani nyayo ngumu hazina hisia. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature uliwapima watu wa magharibi mwa Kenya na wa Boston, Marekani. Waliozoea kwenda peku walikuwa na sugu nene zaidi, lakini nyayo zao hazikupungukiwa na hisia.

Kwa wanyama kuna fumbo zaidi. Ngiri hula majani mafupi akiwa amepiga magoti ya mbele, na hapo ana sugu nene. Ajabu ni kwamba sugu hizo huanza kuota kijusi kingali tumboni, kabla ya kugusa ardhi. Mbuni naye huanguliwa na za kwake. Mwaka 1942 Conrad Waddington, mwanabiolojia Mwingereza, alimtumia mbuni huyo kama mfano: uteuzi wa asili, alisema, unaweza kuifanya sifa iliyohitaji kichocheo cha nje ijitokeze yenyewe. Nyani wana sugu za makalio, hulala wameketi juu yake.

Sugu ya mimea ni jamaa wa mbali: si ngozi iliyosuguliwa, ni seli changa zinazofunika jeraha. Bila hizo hakuna mwembe wa kubebesha. Kijiti kilichochongwa hufungwa kwa nailoni kwenye mche uliopasuliwa, seli za pande mbili zikavimba na kushikana.

Tukirudi kwa binadamu, sugu ya mguu hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha ikasuguliwa taratibu kwa jiwe. Mwenye kisukari asiikate kwa wembe wala kuisugua mwenyewe. Chini yake huweza kujificha kidonda asichokihisi. Aende kliniki.