Jasho la Mpiga Ngoma

Mwaka wa 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilitoa santuri ambayo upande wake wa pili ulikuwa na wimbo uitwao "Amen, Brother". Katikati ya wimbo huo vyombo vingine vilinyamaza, akasikika Gregory Coleman peke yake akipiga ngoma kwa sekunde zisizotimia kumi.

Katika miaka ya 1980 zilienea mashine za kukata kipande cha sauti na kukirudiarudia. Sekunde zile zikachotwa kama maji ya kisima kisicho na mwenyewe, zikatiwa katika maelfu ya nyimbo, Marekani na Uingereza. Coleman alifariki mwaka wa 2006 pasipo kulipwa chochote kwa matumizi hayo.

Sheria haikuwa bubu. Mwaka wa 1991 mahakama ya New York ilizuia wimbo wa Biz Markie uliotiwa kipande cha Gilbert O'Sullivan bila ya idhini, na jaji alifungua hukumu yake kwa amri ikatazayo wizi. Lakini sheria humsikia adaiye. Richard Spencer, mwenye haki ya wimbo wa The Winstons, alipata habari mwaka wa 1996, muda wa kushtaki umekwisha pita. Mwaka wa 2015 wapenzi wa muziki walimchangia pauni 24,000. Hiyo ilikuwa hisani. Haki ilikuwa imechelewa.

Sanaa zote huazimana, wala hapana aibu. Lakini mwazimaji muungwana hubisha hodi, hutaja jina la mwenye kitu, na apatapo faida humkumbuka. Coleman hakubishiwa hodi.