Wafumbuaji wa Mto Tana

Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapisha mchezo mpya katika toleo lake la Jumapili. Aliyeubuni alikuwa Arthur Wynne, mhariri mzaliwa wa Liverpool: visanduku vilivyopangwa kwa umbo la almasi, vidokezo pembeni, na msomaji akitakiwa kujaza maneno. Mwaka huohuo, kisiwani Lamu, mshairi na mwandishi wa hati Muhammad Kijumwa aliuandika Utendi wa Fumo Liyongo. Wawili hao hawakujuana, na kazi zao hazifanani. Lakini historia ya mafumbo ya maneno inayosimuliwa duniani huanzia kwa Wynne, kana kwamba kabla ya penseli na gazeti hakuna aliyekuwa akifumba wala kufumbua. Kwa watu wa Mto Tana, kuanzia Bura hadi mto unapoingia baharini, historia hiyo huanzia mbali zaidi, na haikuhitaji penseli.

Liyongo mwenyewe ni mtu wa mto huo. Masimulizi humweka Pate, Ozi na Kipini, kwenye mlango wa Tana, karne nyingi kabla ya Kijumwa. Alipofungwa na mtawala wa Pate aliyeuonea wivu umaarufu wake, mama yake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku askari walikila kile kizuri wakamwachia makombo. Liyongo akatuma ujumbe wake kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake aweke tupa. Askari walipouona mkate wa makapi waliucheka na kuupitisha. Usiku ikapigwa ngoma ya gungu nje ya gereza, kwa matoazi na upatu, na kelele hizo zikameza sauti ya tupa ikikata pingu.

Uzuri wa kisa hiki haumo katika werevu wa Liyongo peke yake. Fumbo hilo lilihitaji mama wa kulielewa, kijakazi wa kulibeba bila kupoteza neno, na wachezaji wa gungu wa kulisitiri. Mtu mmoja angelishindwa. Na ndivyo mchezo wa mafumbo ulivyokaa katika nchi hii yote: ni kazi ya baraza, ina anayefumba, ina anayebeba, ina anayefumbua, na kila mmoja ana heshima yake.

Tukipanda mto kutoka Kipini tunaacha minazi na kuingia nchi kavu, mpaka tunafika Bura. Jina hilo lina sehemu mbili zinazotazamana. Ng'ambo ya mashariki ni Bura ya Fafi, Kaunti ya Garissa, nchi ya wafugaji Wasomali. Ng'ambo ya magharibi, katika Kaunti ya Tana River, ni Bura ya mradi wa kilimo cha kumwagilia, jirani na Wapokomo wa kingo za mto na Waorma wenye ng'ombe. Hapa mafumbo yana lugha zaidi ya moja, na kila lugha imekuja na sheria zake.

Sheria za Kisomali ndizo ngumu kuliko zote. Mtunzi wa gabay, shairi refu la wanaume, huchagua herufi moja, tuseme D. Kuanzia hapo kila nusu ya kila mstari lazima iwe na neno linaloanza kwa D, hata shairi likifika mistari mia. Irabu zote huhesabiwa kuwa kitu kimoja, lakini konsonanti haina msamaha. Juu ya hapo kuna mizani ya silabi ndefu na fupi, ambayo washairi waliifuata kwa sikio vizazi na vizazi. Ni mwaka 1976 tu ndipo mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, anayejulikana zaidi kwa jina la Gaarriye, alipoanza kuchapisha maelezo ya kanuni za mizani hiyo katika gazeti la Xiddigta Oktoobar mjini Mogadishu. Watunzi wasiojua kusoma walikuwa wakiitii kwa ukamilifu miaka yote hiyo.

Hebu fikiria mtunzi aliyechagua D anataka kumtaja mnyama ambaye jina lake la kawaida linaanza kwa herufi nyingine. Itambidi alitafute jina la pili, la mnyama huyo akiwa na mimba, au akiwa amekamuliwa, au akiwa wa rangi fulani. Msikilizaji naye lazima alijue jina hilo, au aulize jirani yake. Ndiyo maana mfugaji mzee wa Garissa anayejua majina mengi ya ngamia huwa pia msikilizaji mzuri wa mashairi. Msamiati wa zizini ndio ghala la mtunzi.

Shairi likikamilika hupata watu wa kulihifadhi. Sayyid Maxamed Cabdulle Xasan, aliyepigana na Waingereza hadi kifo chake mwaka 1920, alikuwa na mhifadhi maarufu, Xuseen Dhiqle, ambaye naye alikuwa mshairi. Mhifadhi hutakiwa kulitamka shairi kama lilivyotungwa, na kabla hajaanza hulitaja jina la mtunzi. Kuliacha jina hilo ni wizi. Jamii isiyokuwa na maandishi rasmi ya lugha yake hadi tarehe 21 Oktoba 1972, siku alfabeti ya Kilatini ilipotangazwa kwa Kisomali, ilikuwa na haki ya mtunzi iliyolindwa kwa ulimi tu. Hilo peke yake linastahili nafasi katika historia ya fasihi ya dunia.

Kisha kuna majibizano. Mshairi akitoa shairi lenye kuchoma, wa upande wa pili hujibu, wa tatu huingia, na mnyororo huo huitwa silsilad. Guba, iliyoanzishwa na Cali Dhuux katika miaka ya 1920, ilihusu ngamia, vita na koo zilizoshindwa, na miongoni mwa waliojibu alikuwa Qamaan Bulxan, mshairi wa Ogaden. Koo kubwa za Garissa, yaani Abdwak, Abdalla na Aulihan, ni za Ogaden pia. Kwa hiyo maneno yaliyorushwa mamia ya kilomita kaskazini yaliwahusu watu wa huku kwa jina na kwa damu.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga nchi hii. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, kisha ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu, zilimtaka msafiri awe na kibali kuingia au kutoka. Baada ya uhuru vikaja vita vya mashifta, vilivyodumu hadi mwaka 1967, na mamlaka ya hali ya hatari yakaendelea kutumika Kaskazini Mashariki hadi mwaka 1991. Watu walisimamishwa vizuizini, lori zikapekuliwa. Shairi lililokaa kichwani halikuombwa kibali. Mwaka 1957 BBC ikaanza matangazo ya Kisomali kutoka London, na baadaye kaseti zikaingia sokoni. Hapo shairi la mji wa mbali liliweza kufika kisimani kabla ya gazeti.

Kaseti ndizo zilizoubeba mnyororo wa Deelley, ulioanzishwa na Gaarriye mwaka 1979 kwa herufi D akilaani ukabila, na rafiki yake Hadraawi akajibu kwa herufi hiyohiyo. Washairi wengi waliingia humo, wengine wakiukosoa utawala wa Siad Barre kwa namna ambayo kila mtu aliielewa na mpelelezi alishindwa kuithibitisha. Hadraawi alikuwa amekwisha kulipa bei ya mafumbo: alikamatwa mwaka 1973 akakaa kizuizini miaka mitano. Ngamia jike aliyemwimba katika mashairi yake hakuwa ngamia tu. Tangu siku za uhuru wa mwaka 1960 washairi wa Kisomali walikuwa wakimwimba Maandeeq, ngamia mwenye maziwa ya kutosha watu wote, na kila msikilizaji alijua kwamba anayekamuliwa ni dola. Ukisikiliza juujuu, ni wimbo wa ufugaji ulio kamili. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alipoanza mwaka 1926 kuwategea wasomaji wa gazeti la Observer la Uingereza vidokezo vyenye maana ya juu na maana ya chini, aliutumia mtego wa aina hiyohiyo, ila kwake aliyekosea hakupoteza chochote.

Wanawake wana buraambur, shairi lao lenye mizani yake, linaloimbwa hadi leo katika harusi za Garissa. Humo bibi harusi husifiwa, wakwe husutwa, na mwenye kusutwa hutabasamu kwa sababu hakutajwa. Vitabu vimelipa nafasi ndogo kuliko gabay, na hiyo ni hasara kubwa.

Mafumbo mengine ya Kisomali ni ya watoto na wazee pamoja. Halxiraale, kitendawili cha Kisomali, hutegwa jioni mifugo ikisharudi. Na kuna visa virefu vya kutega akili, maarufu kuliko vyote kikiwa cha Wiil Waal, mtawala wa karne ya 19 wa upande wa Jigjiga. Aliwaagiza wanaume wake wamletee kipande cha kondoo kinachoweza kuwaunganisha watu au kuwatenganisha. Wakaja na mbavu, mapaja, maini, kila mmoja akidhani kipande kinono ndicho jibu. Maskini mmoja aliingia kwa haya akiwa na umio wa kondoo, kitu kinachotupwa. Ndilo lilikuwa jibu: koo lenye ulafi hugombanisha watu, lililo tayari kushiriki huwapatanisha. Wiil Waal alipomhoji, yule baba alikiri kwamba aliyefumbua ni binti yake. Kisa hiki wakimbizi na wahamiaji wamekwenda nacho mbali. Mwaka 2007 kilichapishwa kama kitabu cha watoto huko Minnesota, Marekani, kwa Kisomali na Kiingereza.

Ng'ambo ya magharibi mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1981. Mradi wa Bura, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wengine, ulianza kupokea wakulima kutoka mikoa mbalimbali ya Kenya walime pamba na mahindi. Zaidi ya familia 2,000 zilihamia. Pampu zilisumbua, eneo lililolimwa likabaki dogo kuliko lililopangwa, na miti ya mathenge, iliyopandwa kwa ajili ya kuni, ikageuka vichaka visivyozuilika. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba watoto wa familia hizo, waliotoka katika lugha nyingi za mama, walikutana kwenye Kiswahili. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, na vitendawili vikaingia darasani pamoja na vitanza ndimi na chemsha bongo.

Kitendawili cha Kiswahili kina adabu yake. "Kitendawili!" "Tega!" "Popoo mbili zavuka mto." Mmoja anasema mitumbwi, mwingine anasema mamba, na kwa mtoto wa Tana majibu hayo yana mantiki kabisa, kwani mitumbwi na mamba ndivyo anavyoviona. Wakishindwa, mtegaji anadai, "Nipeni mji." Wanampa Mombasa. Anakwenda kwa maneno tu, anasimulia alivyopokewa na alichokula, kisha anarudi na jibu: macho. Adhabu ya mji ni uvumbuzi mzuri sana. Anayeshindwa hafukuzwi mchezoni. Analipa, anasikiliza safari, na anajifunza.

Si kila kitendawili kilisafiri vizuri. Kuku aliyetagia miibani ni nanasi, lakini nanasi halioti katika ukame wa Bura, na mtoto aliyelijua kwa picha ya kitabu alilikariri jibu badala ya kulifumbua. Yule anayejihami bila silaha, kinyonga, alieleweka mara moja.

Chemsha bongo ya chui, mbuzi na majani ilipata makao kamili hapa. Mtu yuko ukingoni, mtumbwi unamchukua yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yatakwisha. Inabidi amvushe mbuzi kwanza, arudi peke yake, amvushe chui, kisha arudi na mbuzi (hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kurudisha ulichokwisha kuvusha huonekana kosa), ayapeleke majani, na amalizie kwa mbuzi. Ulaya wana kisa hicho kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, katika mkusanyiko unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Katika Bura, mto wenyewe uko mbele ya macho, na mtoto wa mfugaji hahitaji kuelezwa mbuzi atafanya nini akiachwa na majani.

Pwani nako majibizano yalikuwa na uzito wa siasa. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi yenye mafumbo katika miaka ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Tungo za Muyaka zilinusurika kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikumbuka na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuziandika, zikachapishwa mwaka 1940. Ni Sikujua aliyetenda kazi ileile ya Xuseen Dhiqle, na jina lake linastahili kutajwa kila Muyaka anapotajwa.

Garissa bado inamngoja Sikujua wake. Vitabu vingi vya mashairi ya Kisomali vimetoka Mogadishu, Hargeisa na London, na vya vitendawili vya Kiswahili vimejaa Mombasa na Zanzibar. Wanafunzi wa shule za upili za Bura husoma fasihi simulizi kwa ajili ya mtihani, na nyumbani wana nyanya wanaoijua buraambur kwa moyo. Kazi ya kuandika ingeweza kuanza kwao, kwa simu zilizo na kinasa sauti. Waandike jina la mtunzi kwanza, kama mhifadhi anavyotakiwa, kisha herufi aliyochagua, nani alijibu na kwa tukio gani. Na kwa vitendawili waandike hata majibu yaliyokosewa, pamoja na miji iliyotolewa.