Kutoka "Yule" Hadi "Mimi": Riwaya za Kiafrika na Wahusika Wanaopenda wa Jinsia Yao

Utangulizi

Jumamosi moja alasiri tulikuwa Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, sebuleni kwa mwalimu mwenzetu, pamoja na wanafunzi wa kikundi chetu cha kusoma riwaya. Kitabu kilikuwa kimoja na wasomaji kumi na mmoja, kwa hiyo kilipita mkono kwa mkono. Kila mmoja alisoma ukurasa wake wa Kiingereza na kuutafsiri papo hapo kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi yetu. Tulipofika mahali ambapo mwanamume anamtongoza kijana wa kiume, mfasiri wetu alisita, kisha akatia tusi la mtaani ambalo mwandishi hakuliandika. Watu walicheka. Mwanafunzi mmoja hakucheka, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana. Hatukumwuliza sababu, wala hatuna haki ya kuikisia. Tulijiuliza sisi wenyewe: je, sisi walimu wa lugha tumewafundisha wanafunzi wetu neno gani jingine?

Makala haya yametokana na swali hilo. Yanakusudia kueleza kwa ufupi namna wahusika wanaopenda watu wa jinsia yao walivyoingia katika riwaya za Kiafrika, hasa za Afrika Mashariki, na wakati huohuo kuwapendekezea wasomaji wetu vitabu tunavyovipenda. Kipimo chetu ni cha kisarufi, nacho ni nafsi. Katika kila kitabu tunauliza: mhusika huyu anasemwa au anasema? Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, kwani nafsi ni istilahi ya sarufi na pia ni roho ya mtu.

Maneno yaliyotangulia riwaya

Wapo wanaodai kwamba jambo hili halina jina katika lugha za kwetu. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kukubaliana nao. Mwaka 1899 mtaalamu wa Vienna, M. Haberlandt, alichapisha kwa Kijerumani makala kuhusu Zanzibar, na ndani yake akayaandika maneno aliyoyakuta huko, yakiwamo hanisi na mke-si-mume. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd alichapisha utafiti wake wa Mombasa, na mwaka 1998 Deborah Amory akaandika kuhusu Waswahili wa pwani, akayaweka maneno mashoga na mabasha katika kichwa cha makala yake.

Neno shoga linastahili somo zima. Pwani, mwanamke humwita mwenziwe "shoga yangu" na hakuna anayeshtuka. Ni rafiki wa kupeana siri na kuazimana kanga za harusi. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Basha, msenge na msagaji nayo yamo katika Kiswahili, na aghalabu husemwa mtu akiwa amegeuza mgongo. Majina basi tunayo tangu zamani. Mtu wa kuyasema maneno hayo juu yake mwenyewe ndiye aliyechelewa kufika, hasa vitabuni.

Hatua ya kwanza: mgeni na aliyepotea, 1965–1977

Riwaya za mwanzo za Kiafrika zilipomwingiza mhusika wa namna hii, mara nyingi zilimfanya mgeni. Katika The Interpreters ya Wole Soyinka (1965) yeye ni Joe Golder, Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika anayeishi Nigeria. Katika Our Sister Killjoy ya Ama Ata Aidoo (1977) ni Marija, mama kijana wa Kijerumani ambaye upweke wake unamsogeza kwa Sissie, msichana wa Ghana aliye safarini Ulaya. Katika Le Devoir de violence ya Yambo Ouologuem (1968), iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka huohuo, Mwafrika Raymond Spartacus Kassoumi anaingia katika uhusiano na mwanamume wa Strasbourg, na jambo lenyewe linatokea Ufaransa. Msomaji angeweza kufunga vitabu hivi akiamini kwamba mapenzi haya huja kwa meli au kwa ndege.

Kwa sababu hiyo tunakitaja kwa heshima kitabu cha Mkenya Rebeka Njau, Ripples in the Pool, kilichotoka Nairobi mwaka 1975. Selina ni mwanamke wa mjini anayeolewa na Gikere na kuhamia naye kijijini. Huko moyo wake unamwelekea Gaciru, dada wa mumewe. Hapa hakuna Mzungu wala safari ya Ulaya. Kuna kijiji, kidimbwi kinachoheshimiwa, mama mkwe na majirani. Ni kweli kwamba mapenzi hayo yanaishia katika msiba, na kwamba mwandishi anamsukuma Selina hadi ukingoni mwa wazimu. Hata hivyo Njau alithubutu kumweka mtu huyu nyumbani, na alifanya hivyo miongo mitatu kabla ya wengi.

Wote hawa lakini bado ni "yule". Msimulizi anawaona, anawahurumia au anawaogopa, na sisi tunawatazama kupitia macho yake.

Hatua ya pili: pwani ya Abdulrazak Gurnah

Mzaliwa wa Zanzibar Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, ameliandika jambo hili bila kulikuza na bila kulificha. Katika Paradise (1994) Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anawekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Uzuri wake unawavuta wanawake na wanaume. Mnyapara wa msafara, Mohammed Abdalla, anaogopwa na wapagazi na vijana kwa ukatili wake, pamoja na ule wa kuwaingilia wanaume. Tunawatahadharisha wasomaji: hapa hatusomi mapenzi, tunasoma mamlaka ya mkubwa juu ya mdogo. Mtoto aliyelipia deni la baba yake kwa mwili na miaka yake hawezi kukataa wala kukubali. Mwalimu akilifundisha tukio hilo kama mfano wa "ushoga" atakuwa amekosea kusoma, kama vile angekosea kumwita mbakaji wa wasichana "mpenzi wa wanawake".

Riwaya iliyokuwa mikononi mwetu Carama siku ile ni By the Sea (2001). Humo mfanyabiashara Hussein, anayekuja Zanzibar na pepo za kaskazi, anakopesha fedha kwa rehani ya nyumba na wakati huohuo anamvuta kwake Hassan, mtoto wa nyumba hiyo. Hassan anaondoka kumfuata. Aibu ya familia na deni la nyumba vinafungwa katika fundo moja, na wazee wawili wanakuja kulifungua Uingereza miaka mingi baadaye. Ndugu yake, Latif, anatusimulia. Saleh Omar, aliyeichukua nyumba, naye anatusimulia. Hassan hapewi zamu. Je, alimpenda Hussein? Alidanganywa? Alikimbia baba au alifuata moyo? Tunajua alichotenda, hatujui alichojiambia. Kwa maoni yetu, kimya hicho ndicho chumba cha giza cha riwaya nzima, na kinafundishika vizuri sana.

Hatua ya tatu: "Mimi"

Mabadiliko ya nafsi yalikuja na karne hii. Mwaka 2001 K. Sello Duiker wa Afrika Kusini alitoa The Quiet Violence of Dreams, riwaya inayosimuliwa na sauti kadhaa za nafsi ya kwanza, mojawapo ikiwa ya Tshepo, kijana wa Cape Town anayejitafuta. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko akawa Mganda wa kwanza kupata tuzo ya Caine, kwa hadithi fupi Jambula Tree. Si riwaya, lakini hatuwezi kuiruka. Anyango anamwandikia Sanyu, rafiki yake wa utotoni katika mitaa ya Nakawa, Kampala, anayetarajiwa kurudi kutoka ng'ambo. Majirani wamesema sana juu yao. Sasa anasema yeye: mimi, wewe, sisi. Tamko moja la "sisi" linafanya kazi ambayo kurasa nyingi za "wao" hazikuweza.

Mwaka 2014 Mkenya Binyavanga Wainaina alitoa sura aliyosema imepotea katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2011. Sura hiyo inamwambia mama yake, aliyekwisha kufariki, jambo ambalo mwana hakuwahi kumwambia akiwa hai. Mwaka uliofuata Chinelo Okparanta alichapisha Under the Udala Trees, ambamo Ijeoma anasimulia mwenyewe jinsi alivyompenda Amina wakati wa vita vya Biafra, na jinsi mama yake alivyotaka kumtibu kwa Biblia. Kati ya riwaya zote tulizozitaja, hii ndiyo tunayompa kwanza msomaji anayetaka hadithi nzuri tu, ya kusomwa usiku hadi taa izimwe.

Kwa wasomaji wetu wa Bujumbura wanaosoma Kifaransa kwa wepesi zaidi, tunapendekeza De purs hommes ya Msenegali Mohamed Mbougar Sarr (2018). Umati unafukua maiti ya kijana makaburini kwa sababu inasemekana alikuwa akipenda wanaume, na picha za video zinaenea kwenye simu. Msimulizi ni mwalimu wa fasihi wa chuo kikuu, ambaye mwenyewe anaingia matatani kwa kumfundisha mshairi Verlaine. Mwanzoni mwalimu huyo anamwona marehemu kama habari ya simu tu. Baadaye anamtafuta mama yake. Hapo marehemu anakuwa mwana wa mtu.

Na Kiswahili je?

Katika riwaya za Kiswahili tunazofundisha, mtu huyu akitokea hutokea kama kejeli au kama onyo. Tunajua sababu moja: riwaya ya Kiswahili imeishi kwa kutegemea shule, na shule ina hofu zake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilizuiwa kwa muda shuleni Tanzania kwa kuzungumza waziwazi juu ya mwili wa msichana. Leo inasomwa na kuheshimiwa vyuoni. Mwaka 2018 nchini Kenya filamu ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na Jambula Tree na kupewa jina la Kiswahili Rafiki, ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Wasomaji wataona kwamba neno la urafiki limerudi tena kubeba mzigo uleule ambao shoga ililibeba kabla yake.

Mlango mmoja umefunguka kwa njia ya tafsiri. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliitafsiri Paradise, nayo ikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam kwa jina la Peponi. Sasa mwanafunzi anaweza kuzisoma nakala mbili sambamba na kuchunguza mfasiri alichagua neno gani, wapi, na kwa nini.

Mazingira tunamosomea

Hatuwezi kuandika haya kana kwamba tunaishi mwezini. Sheria ya jinai ya Burundi ya Aprili 2009, ileile iliyofuta adhabu ya kifo, ilifanya uhusiano wa kimwili wa watu wa jinsia moja kuwa kosa la jinai, kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000. Marekebisho ya Desemba 2017 yaliliacha kosa hilo mahali pake. Sheria inataja kitendo, haitaji riwaya. Hata hivyo tunajua kwamba maneno yanayosemwa darasani hutoka nje ya darasa, na kwamba anayeumia huwa yule asiye na wa kumtetea. Kwa hiyo tumejiwekea kanuni tatu. Hatumwulizi mwanafunzi habari zake mwenyewe, wala haturuhusu aulizwe na wenzake. Hatutumii tusi pale ambapo mwandishi hakulitumia. Tunasema "anayependa wa jinsia yake", na mwandishi akitukana, tunaeleza ni nani ndani ya hadithi anayetukana. Tatu, hatuchukui ukatili kuwa mapenzi, wala mapenzi kuwa ukatili.

Hitimisho

Kwa walimu wanaotaka kuanza, tunashauri mpangilio huu: Jambula Tree kwa sababu ni fupi, kisha Peponi kwa sababu iko katika lugha yetu, kisha By the Sea. Baada ya hapo toeni zoezi tulilolitoa sisi: andika ukurasa mmoja ambamo Hassan anasema mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, usiku wa kuamkia safari yake. Karatasi zisiwe na majina. Tulipozisoma kwa sauti hakuna aliyecheka. Wengi waliandika juu ya mama, wawili waliandika juu ya nyumba, na mmoja aliandika juu ya harufu ya udi tu.

Mwanafunzi yule alirudi Jumamosi ya tatu. Aliketi karibu na mlango. Kitabu kilipomfikia alisoma ukurasa wake, akautafsiri neno kwa neno, kisha akampa mwenzake.